Kihispania cha «charge»: kamusi ya kitabu, WordReference, Linguee au mashine ya kutafsiri?

Kwa mwongoza watalii wa Mji wa Kale wa Mombasa, mhudumu wa mapokezi katika hoteli ya Nyali au karani wa wakala wa forodha kule Kilindini, njia ya kufikia Kihispania hupitia Kiingereza. Kamusi, masomo na programu nyingi zimetungwa kwa ajili ya mtu anayejua Kiingereza, na kwa hiyo Mswahili anayetaka kumweleza jambo mgeni kutoka Madrid au Bogotá hulitafuta kwanza neno la Kiingereza, kisha huuliza Kihispania chake ni kipi. Tatizo huanzia hapo, kwa kuwa neno moja la Kiingereza huweza kubeba maana nyingi, nacho Kihispania, kama kilivyo Kiswahili, huzigawa maana hizo kwa maneno mbalimbali. Anayechukua jibu la kwanza aliloliona huenda akamwambia mgeni jambo ambalo hakulikusudia kabisa.

Makala haya yanalinganisha nyenzo nne ambazo watu wa hapa huzitumia kutafuta jibu hilo, pamoja na ya tano inayofaa kwa ukaguzi tu. Zote nimezipima kwa neno moja, «charge», ambalo katika kazi za utalii na bandari haliepukiki.

Neno lenyewe

«Charge» lina asili moja na kitenzi cha Kihispania *cargar*. Yote mawili yametokana na *carricare* ya Kilatini cha zama za baadaye, yaani kupakia mzigo kwenye gari la kukokotwa, isipokuwa lile la Kiingereza lilipitia kwanza Kifaransa cha kale. Undugu huo ndio unaowaponza wanafunzi, kwani mtu huona sura za maneno zinafanana akadhani *cargar* itamfaa kila mahali.

Itamfaa mahali pachache. Simu huchajiwa kwa *cargar*: Mhispania atasema *cargar el móvil*, naye mtu wa Meksiko au Kolombia atasema *cargar el celular*. Chakula kinachoingizwa kwenye bili ya chumba nacho huchukua kitenzi hichohicho, *cárguelo a mi habitación*. Lakini mtu anapotozwa fedha kwa huduma, kitenzi ni *cobrar*. *¿Cuánto cobran por la entrada?* ndilo swali la mgeni aliyesimama mbele ya lango la Fort Jesus, na *¿me cobra, por favor?* ndiyo kauli anayompa mhudumu wa mkahawa anapotaka kulipa aondoke. Mhudumu asiyeijua huweza kudhani analalamikiwa kuhusu bei. *Cobrar* vilevile ni kupokea mshahara, kwa hiyo mtu anayesema *hoy he cobrado* hajamtoza mtu chochote, bali amelipwa.

Mtu anayeshtakiwa kwa wizi husemwa kwa *acusar de robo*, na mashtaka yenyewe ni *cargos*. Msimamizi wa zamu ni *encargado*, na akiwa mwanamke ni *encargada*. Huduma ya bure ni *gratis*, au *sin cargo*, au *sin coste* kwa watu wa Uhispania na *sin costo* kwa walio wengi wa Amerika ya Kilatini. Kisha yupo ndovu wa Tsavo anayetanua masikio na kuikimbilia gari: huyo kitenzi chake ni *embestir*, ambacho Mhispania amekizoea kwa fahali wa uwanjani. *Cargar contra* pia husikika kwa mnyama, ingawa mara nyingi zaidi ni kwa polisi wanaoukabili umati au askari wa farasi vitani. Ndovu akitishia tu kisha akarudi nyuma, utasema *hizo amago de embestir*, na wageni hupenda sana kuisikia hiyo baada ya roho zao kutulia.

Ziara moja ya Fort Jesus inatosha kumpitisha mwongozaji karibu katika maana zote hizi. Langoni kuna kiingilio, hapo ni *cobrar*. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya mfalme Felipe II wa Uhispania, ambaye wakati huo alitawala pia Ureno, na habari hiyo huwachangamsha Wahispania kuliko watalii wengine wote. Nahodha aliyekuwa na mamlaka ndani ya ngome hakuwa *encargado*, kwa sababu neno hilo ni la msimamizi wa duka au wa zamu. Yeye alikuwa *al mando de la fortaleza*. Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela, ikabaki hivyo hadi mwaka 1958, na anayesimulia habari za wafungwa atahitaji *acusar*. Ziara inapomalizika mgeni mmoja hutaka pa kuchajia simu. Kwa Kiingereza, mambo yote hayo manne yangesemwa kwa «charge».

Hapa msemaji wa Kiswahili ana faida ambayo Mwingereza hana. Kutoza, kuchaji, kushtaki, kuvamia na kusimamia ni vitenzi vitano vilivyokwisha kutengana kichwani mwake kabla hajafungua kamusi yoyote. Ushauri wangu, ambao nitaurejea hapa chini, ni kwamba kabla ya kutafuta Kihispania cha neno la Kiingereza, jiulize kwanza ungelisemaje jambo hilo kwa Kiswahili, halafu uingie katika nyenzo yako ukiitafuta maana hiyo moja na kuziacha nyingine.

Vigezo vya kulinganisha

Nimeangalia mambo manne. La kwanza ni utengaji wa maana: je, nyenzo hukuonyesha kwamba neno lina maana kadhaa, na hukupa alama ya kuijua kila moja? La pili ni matumizi ndani ya sentensi, pamoja na vihusishi, kwa sababu kujua *acusar* bila kujua kwamba hufuatwa na *de* ni kujua nusu. La tatu ni eneo. Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20, nyingi zikiwa bara la Amerika na moja, Guinea ya Ikweta, hapa Afrika, na neno linalofaa Sevilla si lazima lifae Buenos Aires. La nne ni masharti ya kazi yenyewe, yaani bando, muda na fedha, maana nyenzo nzuri isiyofunguka ukiwa katikati ya mbuga haikusaidii.

Kamusi ya kitabu

*Utengaji wa maana.* Hapa kamusi kubwa ya lugha mbili haina mpinzani. Kamusi ya Collins ya Kihispania na Kiingereza, iliyotolewa kwanza mwaka 1971 chini ya uhariri wa Colin Smith, na ile ya Oxford ya mwaka 1994, huvunja kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa, kama «charge» katika maana zenye nambari, kila moja ikiwa na kidokezo chake: sheria, fedha, umeme, jeshi. Macho hulazimika kupita juu ya maana zote ndipo yaifikie inayotakiwa, na katika kupita huko mtu hujifunza kwamba neno lina vyumba vingi kuliko alivyodhani. Sifa hiyo lakini ni ya kamusi kubwa pekee. Kamusi ya mfukoni, ambayo ndiyo wengi wetu tunaimudu, mara nyingi hupanga *cobrar*, *cargar* na *acusar* kwenye mstari mmoja na kuvitenga kwa mkato tu. Msomaji anayeanza atachukua cha kwanza. Kwa maneno ya aina hii, kamusi ndogo isiyo na vidokezo ni hatari kuliko kukosa kamusi, kwa kuwa inampa mtu uhakika asiostahili kuwa nao.

*Matumizi.* Vifungu ni vifupi lakini vimechaguliwa na wataalamu, na vihusishi huonyeshwa. Kamusi nzuri pia hukuelekeza kwenye jedwali la minyambuliko: hapo ndipo utakapogundua kwamba *embestir* hufuata mkondo wa *pedir*, hivyo ndovu *embiste*, wala si *embeste*.

*Eneo.* Alama fupi za nchi na kanda zipo katika kamusi kubwa. Katika ndogo ni chache.

*Masharti.* Kitabu hakihitaji bando wala umeme, kwa hiyo ndani ya Tsavo kinafanya kazi sawasawa na Moi Avenue. Hata hivyo ni kizito, na kinazeeka. Mfano mmoja unatosha: mwaka 2015 sheria ya Uhispania iliachana na neno *imputado*, lililokuwa la mtu anayehusishwa rasmi na kosa wakati wa uchunguzi, ikaweka *investigado*. Anayenunua nakala ya mitumba iliyochapishwa miaka ya tisini atalikuta lile la zamani bila onyo lolote. Kwa kutoza, kuchaji na ndovu, umri wa kitabu haudhuru chochote.

Inamfaa mwanafunzi anayejenga msingi na mwongozaji anayejiandaa nyumbani usiku wa kuamkia safari. Haimfai mtu wa mapokezi ambaye mgeni amemsimamia.

WordReference

Tovuti hii ilianzishwa na Mmarekani Michael Kellogg mwaka 1999, na jozi ya Kiingereza na Kihispania ndiyo iliyoipa jina zaidi.

*Utengaji wa maana.* Kila maana huwekwa katika mstari wake wa jedwali: kushoto neno la Kiingereza na maelezo mafupi ya maana, kulia Kihispania chake. Maana za kawaida hutangulia, za nadra hufuata, na chini kabisa huja misemo yenye neno hilo, kama vile ya kuwa msimamizi au ya kupata kitu bila malipo. Ubora wake hapa unakaribia wa kamusi kubwa, tena kwa ukurasa unaosomeka kwa urahisi zaidi kwenye simu. Kasoro yake ni wingi. Neno kama «charge» huzaa ukurasa mrefu, na mtu mwenye haraka huishia kwenye mistari miwili ya juu, akawa hana tofauti na yule wa kamusi ya mfukoni.

*Matumizi.* Chini ya maana nyingi kuna sentensi ya mfano kwa lugha zote mbili. Kuna pia kinyambuzi cha vitenzi, sauti za matamshi, na chini ya ukurasa orodha ya mijadala ambamo wasemaji wa Kihispania wa nchi mbalimbali wameulizwa juu ya misemo mahususi. Mijadala hiyo isomwe kwa tahadhari, kwani anayejibu huenda ni mfasiri mzoefu au ni mwanafunzi mwenzako; lakini kwa misemo ya mtaani ambayo kamusi rasmi huipita, hakuna mahali pazuri zaidi. Mgeni wa Uhispania akikwambia *me he cargado el cargador*, hakuchaji chochote: ameiharibu chaja yake. *Cargarse*, kwa lugha ya mazungumzo ya huko, ni kuvunja au kuharibu kitu, na mhudumu anayelijua hilo ataleta chaja nyingine badala ya kumwonyesha soketi ilipo.

*Eneo.* Nguvu yake kubwa. Tafsiri huwekewa alama ya nchi inakotumika, na mijadala huongeza yale ambayo alama hazikusema.

*Masharti.* Ni ya bure, ina matangazo, inahitaji mtandao, na kurasa zake nyingi ni maandishi matupu yasiyokula bando sana.

Inamfaa zaidi mtu aliyekwisha kuvuka hatua ya mwanzo, anayeweza kusoma mifano mitano na kuamua mwenyewe.

Linguee

Linguee iliingia mtandaoni mwaka 2009 kutoka Cologne, Ujerumani, na kampuni iliyoiunda ndiyo iliyotoa DeepL, mashine ya kutafsiri, miaka minane baadaye. Inatofautiana na zile mbili kwa msingi wake. Juu ya ukurasa kuna kamusi fupi. Chini yake kuna vipande vya maandishi halisi vilivyokwisha kutafsiriwa na watu, Kiingereza upande mmoja na Kihispania upande wa pili, vingi vikitoka katika nyaraka za Umoja wa Ulaya, tovuti za makampuni na mashirika ya kimataifa.

*Utengaji wa maana.* Ukiandika «charge» peke yake utapata mchanganyiko: ada za benki, betri, mashtaka, maofisa wanaosimamia idara. Maana hazijatengwa, zimetupwa pamoja, na kazi ya kuzitenga ni yako. Anayeanza atapotea. Lakini ukiandika maneno mawili au matatu kwa pamoja, mambo hugeuka.

*Matumizi.* Tuchukue karani wa Kilindini ambaye mteja wake ni kampuni ya Valencia, Uhispania. Hatafuti «charge», anatafuta gharama za bandari, gharama za kupakua na kupakia, gharama ya kuchelewesha kontena. Akiyaandika maneno hayo kamili atakuta mikataba na kanuni zinazosema *tasas portuarias*, *gastos de manipulación*, *demoras*, na ataona kwamba katika lugha ya usafirishaji *cobrar* haionekani sana, kwa sababu hati hutaja gharama kama nomino. Ataepuka pia mtego ambao bandarini ni mbaya kuliko yote: shehena ya meli kwa Kihispania ni *carga* au *cargamento*, ilhali *cargo* ni cheo, au kiasi kilichoandikwa kwenye akaunti ya mtu, au shtaka. Barua inayosema *el cargo ha llegado* kwa nia ya kusema shehena imefika itasomeka ajabu upande wa pili.

*Eneo.* Hapa ina upungufu. Kwa kuwa nyaraka za Ulaya ni nyingi, Kihispania cha Uhispania ndicho kinachotawala, na vipande havina alama ya nchi. Itakubidi uangalie anwani ya chanzo kukisia kimetoka wapi.

*Masharti.* Ni ya bure na inahitaji mtandao. Vipande vingi vya nje havijahakikiwa na mhariri, na tovuti yenyewe huvitilia alama ya tahadhari. Kanuni yangu ni kutoamini tafsiri niliyoikuta mahali pamoja tu. Ikijitokeza katika vyanzo vitatu visivyohusiana, naitumia.

Inawafaa waandishi wa barua, ankara, mikataba na maelezo ya vifurushi vya safari. Kwa mazungumzo ya ana kwa ana haina msaada mkubwa, na kwa ndovu ndiyo kabisa, maana nyaraka za Brussels hazizungumzii ndovu wanaokimbiza magari.

Mashine ya kutafsiri

Google Translate ilianza mwaka 2006, na mwaka 2016 ikaanza kuhamia mfumo wa mitandao ya nyuroni, unaoisoma sentensi nzima badala ya kuunga vipandevipande. Tangu hapo ubora umepanda sana, na anayeidharau kwa kukumbuka vituko vya zamani anajinyima nyenzo.

*Utengaji wa maana.* Mashine haitengi maana, huchagua moja kwa niaba yako. Sentensi ikiwa na muktadha wa kutosha, huchagua vizuri: ukiandika kuhusu simu na betri utapata *cargar*, ukiandika kuhusu polisi na wizi utapata *acusar*. Shida huja sentensi inapokuwa na pande mbili. Mwongozaji anayewaonya wageni kwa Kiingereza kwamba «they charge at the gate» ameacha mlango wazi: ni walinzi wanaotoza kiingilio, au ni ndovu waliozoea kuvamia magari karibu na geti? Mashine haina budi kuchagua, na haitakwambia kwamba kulikuwa na njia mbili. Kamusi hukuacha na mashaka yako, mashine huyaficha.

Dawa ni kuiandikia kwa Kiswahili, kwa kuwa «watakutoza getini» haina utata wowote. Hata hivyo njia hiyo ina deni lake. Nafsi ya tatu ya Kiswahili haibainishi mwanamume na mwanamke, hivyo «msimamizi amesema nikungoje» huilazimisha mashine kukisia kati ya *encargado* na *encargada*. Kwa matumizi ya hoteli, kosa hilo husahihishwa kwa kubadili herufi moja, mradi mtu ajue pa kutazama.

*Matumizi.* Hutoa sentensi kamili, yenye vihusishi na minyambuliko sahihi mara nyingi. Jambo la kuangaliwa ni heshima: Kihispania kina *tú* ya kawaida na *usted* ya heshima, na mashine huenda ikabadilisha kutoka sentensi moja hadi nyingine. Mhispania kijana hatajali. Mzee wa Kolombia atajali.

*Eneo.* Huwezi kuiamuru kirahisi itumie Kihispania cha nchi fulani. Programu za mazungumzo za akili unde, kama ChatGPT iliyotoka mwaka 2022, humruhusu mtu kuomba hivyo, na hata kuuliza kwa nini neno fulani limechaguliwa. Maelezo yake husaidia, ila nayo hutamka la uongo kwa uhakika uleule inaotamkia la kweli, kwa hiyo yahakikiwe kwa kamusi.

*Masharti.* Haraka, ya bure, inasikiliza sauti, inasoma maandishi kwa kamera, na lugha huweza kupakuliwa mapema ili itumike bila mtandao. Hakuna nyingine inayomfaa hivi mtu aliyesimama na mgeni.

Kamusi ya Akademia, kwa ukaguzi

Real Academia Española, taasisi ya Uhispania inayosimamia lugha, iliasisiwa mwaka 1713, na kamusi yake, ambayo toleo la 23 lilitoka mwaka 2014, husomwa bure mtandaoni. Ni ya Kihispania kwa Kihispania, kwa hiyo haiwezi kukupa tafsiri ya «charge». Kazi yake ni kuthibitisha: umepewa *cobrar*, ifungue, uone maana ya kwanza ni ipi na kama kuna nyingine itakayokuaibisha. Asiyesoma Kihispania kidogo hataiweza. Anayekisoma afanye ukaguzi huu kila anapoandika kitu kitakachochapishwa.

Kuchagua kwa hali

Kwa anayefanya kazi mapokezi au mkahawani, ambapo jibu linatakiwa ndani ya sekunde chache, mashine inatosha, kwa sharti kwamba lugha imepakuliwa mapema na sentensi zinaandikwa fupi, kwa Kiswahili kisicho na utata. Ni busara pia kukaa siku moja na WordReference na kuandika daftarini misemo kumi ya kazi yako, ikiwemo *¿me cobra?*, *cárguelo a mi habitación* na *es gratis*, kwa sababu misemo hiyo hurudi kila siku na haifai kuulizia simu mbele ya mteja.

Mwongozaji wa Tsavo au Shimba Hills anahitaji kamusi ya kitabu ya wastani ndani ya gari na mashine iliyopakuliwa ndani ya simu. Lakini maneno ya hatari, yaani yale ya kuwaamuru wageni warudi garini wakati ndovu *va a embestir*, ayajue kwa moyo. Hapo hakuna nyenzo itakayowahi.

Mwongozaji wa Fort Jesus na Mji wa Kale, ambaye husimulia historia kwa muda mrefu, atanufaika zaidi na WordReference wakati wa matayarisho, kisha aipitishe simulizi yake yote katika kamusi ya Akademia. Akipokea makundi ya meli za kitalii yenye watu wa nchi mchanganyiko, achague neno linaloeleweka kote: *gratis* hueleweka Madrid na Lima, wakati *sin coste* na *sin costo* kila moja ina kwao.

Karani wa Kilindini aanze na Linguee kwa maneno mawili au matatu, ajenge orodha yake ya gharama, kisha amwombe mteja mwenyewe athibitishe istilahi katika barua ya kwanza. Wateja wa biashara hawaoni haya kusahihishana istilahi, na orodha iliyothibitishwa na mteja wa Valencia ina thamani kuliko kamusi yoyote, ingawa isitumwe vilevile kwa mteja wa Veracruz, Meksiko. Kwa jambo lolote linalogusa mahakama au bima, nyenzo zote tano ziwekwe kando, atafutwe mfasiri wa sheria.

Kwa mwanafunzi asiye na haraka na asiye na fedha nyingi, kamusi kubwa ya mitumba pamoja na WordReference ni jozi nzuri, kimoja kwa usiku na kingine kwa basi. Mashine aiache mpaka mwisho: atunge sentensi yake kwanza, aichague maana mwenyewe, ndipo aipe mashine sentensi hiyo ya Kihispania iirudishe kwa Kiswahili. Ikirudi na kushtaki mahali alipokusudia kutoza, atajua ni neno gani la kurekebisha.